Mfugaji wa Kupe

Usingizi wa mchana humpata mtu aliyeshiba au mtu aliyeshindwa, na siku ile Margwe hakuwa ameshiba. Alijilaza juu ya magunia matupu kwenye kibaraza cha zizi, akafunika uso kwa kofia yake ya pama, akajikunyata kama mtu anayesikia baridi ilhali jua lilikuwa limekomaa juu ya bati. Upande wa pili wa ukuta wa miti alilala Shaba, ng'ombe wake bora, rangi yake ya sufuria iliyosuguliwa, akihema kama mvukuto wa mhunzi na kutoa povu puani. Kila Shaba alipohema, Margwe aliivuta kofia zaidi usoni. Wapo watu wa namna hiyo: wakiambiwa nyumba inavuja, hujifunika shuka.

Kisa chenyewe kilianza asubuhi joshoni. Josho la kijiji chao ni birika refu la saruji. Ng'ombe huingizwa upande huu, huogelea katika dawa ya kuua kupe, hutokea upande ule wakitiririka maji. Margwe ndiye mwenyekiti wa kamati ya josho, na cheo hicho alikuwa amekikalia mpaka kikachukua umbo la makalio yake. Asubuhi ile daktari wa mifugo wa kata, binti mmoja aitwaye Emiliana, aliitisha mkutano, akaeleza kwa utulivu kwamba kupe wa pale wamekuwa sugu. Dawa ilikuwa ikichanganywa nyepesi miaka nenda miaka rudi. Kupe wanyonge wakafa, wagumu wakabaki, wakazaana wao kwa wao. Sasa ng'ombe wanaogeshwa na bado wanakufa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe. Dawa ya aina nyingine alikuwa nayo kwenye gari. Ila josho lichotwe, ile ya zamani imwagwe kwenye shimo lake, paoshwe, kisha ijazwe mpya kwa kipimo kamili. Kama hawataki, waseme, maana kijiji jirani kinaitaka, na saa kumi gari linaondoka.

Margwe akasimama. Aliyekuwa akiitia dawa maji ni yeye, na hakuona aibu, kwa kuwa aliamini dawa kali hukausha maziwa ya ng'ombe. Tena wanawake walikuwa wakimsifu kwa huruma hiyo. "Binti yangu," akasema, akiwatazama wanaume badala ya binti, "mimi nimezaliwa nikakuta kupe, baba yangu alizaliwa akakuta kupe. Kupe ni kupe. Mungu akishaumba kitu ameumba. Au huko chuoni kwenu mlimwona kupe akibadilika? Kesho utatuambia na sisi tulikuwa nyani." Wanaume wakacheka mpaka mmoja wao, Bura, rafiki yake, akashikilia nguzo. Emiliana aliwaachia kicheko chao kiishe, akasema, "Mzee Margwe, saa kumi," akarudi kwenye gari.

Nyumbani alimkuta mkewe, Fabiola, amechuchumaa kando ya Shaba. "Baba Amsi, ng'ombe amekataa hata chumvi. Tezi za chini ya masikio zimevimba kama mayai."

"Ametiwa jicho."

"Jicho halina miguu minane. Hebu tia kidole humu sikioni."

Hakutia. Alisimama pale amefunga mikono nyuma, akiangalia mlima.

"Yule binti bado yuko joshoni," Fabiola akasema. "Mwite."

"Nimwite yule niliyemfanya kichekesho mbele ya watu? Nitasema nini?"

"Basi kalale," mkewe akamwambia, bila hata kuinua sauti. "Wenyeviti wakichoka hulala. Sisi wengine tutakaa na ng'ombe." Naye akafanya kama alivyoambiwa.

Kope zilipogusana, akajiona anatembea katika nchi tambarare kama sinia, mchana usio na kivuli, miti yote kimo kimoja kama iliyokatwa kwa kamba, majogoo wote wakiwika kwa sauti moja na kunyamaza kwa pamoja. Mbele yake palikuwa na mji wenye ukuta mrefu, na langoni ameketi bawabu mnene aliyejifunga kitambaa macho, kisha akakizungusha kichwani kikawa kilemba cha fahari, hata asiyejua angedhani ile ni heshima ya ukoo. "Mimi naitwa Sijaona," akasema bawabu, "na mji huu ni Ndivyo-Ilivyo. Huko utokako umeona nini?" Margwe akajibu kwamba hakuona kitu. "Basi wewe si mgeni, ni mwenyeji. Pita, chumba chako kimefagiliwa zamani." Na ndani kweli alijulikana. Jitu moja lenye shingo nene na kichwa kidogo, Kelele, likambeba mabegani, likapita naye mitaani likinguruma, na kila Margwe alipoulizwa swali, Kelele lilijibu kwa kunguruma zaidi, na watu wa mji wakasema kwa ridhaa, "Ameshinda tena." Kinywa cha jitu hilo kilikuwa kipana kama beseni, na masikio yake yalikuwa yameziba kwa kukosa kazi.

Wakamfikisha kwenye jumba la Bi Dharau, mwenye mji. Ukimtazama kwa mbali alikuwa mwanamke mzuri, mrefu, amevaa kanga zenye maandishi yasiyosomeka kwa maringo. Lakini pua yake alikuwa ameiinua juu siku zote, na kwa hiyo hakuweza kuona sahani yake; ilibidi vijakazi wamlishe kwa mkono kama kinda, na mchuzi ulikuwa umemkaukia kidevuni, wala hapana aliyethubutu kumwambia. Alikaa daima ameegemea ukuta, mgongo hauonekani. "Margwe wangu," akasema akiielekea dari, "nimekungoja sana. Asubuhi ulinitumikia vizuri. Kicheko kile kilinifikia hapa kikiwa bado moto. Leo nakuoa, maana kwangu mimi wanaume ndio huolewa. Ukikaa kwenye kigoda hiki kando yangu hutaulizwa swali tena maisha yako yote." Kigoda chenyewe kilikuwa laini, kimetandikwa ngozi ya ndama. Margwe alikitazama kwa hamu, na hapana budi kusema ukweli: alikuwa ameshainamisha kiuno.

Ndipo akasikia anashikwa mkono. Mwanamke mkongwe alikuwa amesimama kando yake, ameingia bila kuonekana, maana alitembea polepole kama kivuli kinavyotembea ukutani, na watu wa Ndivyo-Ilivyo wakikiona kivuli kimesogea huapa kwamba kilikuwa palepale. Mgongoni alikuwa na kapu kubwa kuliko yeye. "Mimi ni Bi Dahari," akasema. "Ni mama wa siku zote zilizopita. Kabla hujakaa, mwanangu, niazime macho yako kidogo. Ukirudi utayakuta makalio hayahaya na kigoda hikihiki."

Bi Dharau akacheka kwa puani. "Nenda naye, mchumba. Huyo bibi hutuletea mifupa kila mwaka, nasi huwatupia mbwa. Mchukue na Pengo akusindikize, bibi asije akakudanganya."

Huyo Pengo alikuwa mzee mkavu mwenye shahada shingoni, na kazi yake, aliyolishwa na mji mzima kwa ajili yake, ilikuwa kutafuta mahali pasipo na kitu. Wakatoka watatu kwa mlango wa nyuma, na pale nchi iliyokuwa sinia ikakatika ghafla, wakawa juu ya korongo refu, kuta zake zimepangwa matabaka, jekundu, jeupe, la kijivu, mpaka chini kabisa ambako mto ulionekana kama uzi. Bi Dahari akamshusha taratibu, akizungumza kwa sauti ya mtu anayechambua mchele. "Nyumbani kwenu pana jaa la takataka, sivyo? Ukilichimba, juu utakuta mifuko ya plastiki na ndala. Chini yake vibuyu vilivyovunjika vya mama yako. Chini zaidi vigae vya vyungu vya bibi yake bibi yako. Je, umewahi kukuta ndala chini ya vigae hivyo?" Margwe akasema hajawahi, labda panya awe amechimba. "Na panya akichimba, shimo lake huonekana. Basi hili ni jaa langu. Kila kilichoishi kimetupwa humu kwa zamu yake, na hakuna aliyepanga kwa ajili ya kukufurahisha."

Akamwonyesha. Chini kabisa mawe yalikuwa na alama za viumbe wadogo wadogo tu, laini, wasio na mfupa. Tabaka la juu yake palikuwa na konokono na wadudu wa baharini wenye magamba. Juu zaidi samaki, na juu ya samaki wa kawaida samaki mmoja wa ajabu mwenye shingo, ambaye ndani ya mapezi yake kulikuwa na mifupa ya mkono. Kisha watambaazi kama mijusi, kisha wanyama wadogo wenye meno ya kutafunia, na karibu na ukingo, juu kabisa, swala na nguruwe na ng'ombe wa pembe ndefu, na mafuvu ya watu ambao hawakuwa watu kama sisi. Margwe alikuwa mtu wa mifugo. Alitafuta ng'ombe chini ya samaki kwa bidii, akapiga magoti, akakwangua kwa kucha. Hakumwona. "Tafuta," Bi Dahari akamwambia. "Ukimpata mmoja tu, aliyelala humo bila shimo la panya, nitavunja kapu langu na kwenda kulima viazi. Watu wangu wenyewe, wachimbaji wa mifupa, wamekuwa wakimtafuta muda wote huu, kwa kuwa atakayempata atapata jina."

Pengo alikuwa nyuma yao akipapasa ukuta. Ghafla akapaza sauti kwa furaha, "Hapa. Kati ya huyu na huyu hapana kitu. Pengo." Bi Dahari akatia mkono kapuni bila hata kugeuka, akatoa fuvu, akalipachika mahali pale. Likakaa kama jino katika ufizi. Pengo akalitazama, uso wake ukaanguka, kisha ukachanua upya. Akapiga makofi. "Afadhali. Mwanzo lilikuwa pengo moja. Sasa yako mawili, moja huku na moja huku."

Margwe akacheka, hakutaka, kicheko kilimponyoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumcheka mtu wa mji ule, na kikamwacha na ladha ya ajabu mdomoni, kwa sababu sauti ya Pengo aliifahamu. Ilikuwa ileile aliyokuwa akiitumia yeye kwenye vikao.

"Huyo nimemlisha mifupa tangu ujana wake," Bi Dahari akasema. "Kila tonge huniambia njaa imeongezeka. Mwache. Watu wa namna yake hawatafuti kujua. Wanatafuta mahali pa kukaa wasipojua."

Wakaingia pangoni, mahali palipotundikwa miguu ya mbele ya wanyama kama kwenye bucha. Hapa Margwe alijiona yuko nyumbani, maana alikuwa amechinja mbuzi wasiohesabika. Akaigusa moja baada ya nyingine. Mkono wa mtu: mfupa mmoja juu, miwili chini, vifupa kama kokoto kwenye kifundo, halafu vidole. Bawa la popo: mmoja, miwili, kokoto, vidole, ila vidole vimerefushwa kama mbavu za mwavuli. Kiganja cha fuko anayechimba chini ya viazi: vilevile. Kasia la nyangumi, mnyama wa baharini asiyejua vidole ni vya nini: ndani ya nyama, mmoja, miwili, kokoto, vidole. Akafika kwenye mguu wa ng'ombe, akaona vidole viwili vimekuwa kwato, na nyuma yake vile vikwato viwili vidogo visivyogusa ardhi, ambavyo maisha yake yote alikuwa akivikata na kuwatupia mbwa bila kuviuliza vinafanya nini pale. "Fundi angetaka kutengeneza bawa," Bi Dahari akasema, "na koleo, na kasia, na gongo la kutembelea, angechukua vifaa vinne tofauti. Lakini mrithi hachagui. Hukunja na kunyoosha kile alichoachiwa. Tazama nyangumi: ana nyonga ndogo humo ndani, na miguu ya nyuma hana. Na wewe unayejiona umekamilika, ukiketi unakalia nini?"

"Nakalia matako yangu, bibi."

"Ndani yake?"

Margwe akajipapasa nyuma. Kifandugu kilikuwepo, kile kifupa cha mwisho cha mgongo kilichomuuma mwaka alipoanguka kutoka kwenye punda.

"Ni mkia uliostaafu," Bi Dahari akasema. "Asubuhi ulipokuwa unawaambia watu kuhusu nyani, ulikuwa umekibeba nyuma yako."

Kisha akafungua kapu, akatoa nyungo mbili, moja ya mtu na moja ya sokwe, akaziweka pamoja kwenye mwanga. "Hizi ni vinasaba, maagizo yaliyo katika damu, yanayosukwa upya kila mtoto anapotungwa. Angalia hapa. Ufito mmoja umerukwa. Huo ndio ungewawezesha kutengeneza mwilini vitamini inayozuia ugonjwa wa fizi, ambayo mbuzi wako hujitengenezea mwenyewe. Nyungo zote mbili zimerukwa ufito uleule, mahali palepale. Ukikuta wasusi wawili wana uzuri mmoja, utasema labda kila mmoja amebuni wake. Ukikuta wana kosa moja?"

"Wamefundishwa na bibi mmoja," Margwe akasema polepole, kwa kuwa Fabiola na dada yake walisuka hivyo, wote wawili na upande uleule uliopinda.

Hapo mtu mwenye haya angenyamaza. Margwe hakuzaliwa nazo, alikuwa akizipata kidogo kidogo, na ile jeuri ya zamani iliyobaki ikamtoka kinywani. "Lakini bibi, haya yote ni ya kale. Nani alikuwepo? Mawe hayasemi. Na Mungu je?"

"Mimi sijasema neno juu ya Mungu. Wewe ndiye uliyesimama joshoni ukamwambia asiendelee kuumba."

"Basi nionyeshe kitu kinachobadilika sasa. Leo. Mbele ya macho yangu."

Bi Dahari akamtazama. Hadi hapo uso wake ulikuwa wa upole, uso wa mtu anayengojea maharage yachemke. Sasa ukawa na kitu kama huruma, lakini huruma iliyochanganywa na karaha, kama ya mtu anayemwona mlevi akitafuta kofia iliyoko kichwani mwake. "Nilitaka kukuepushia," akasema. "Umeomba mwenyewe. Vua viatu, tunaingia kwa watu waliofanikiwa."

Wakapita katika njia nyembamba, yenye joto, kuta zake zikiwa na nywele laini na mishipa myekundu inayodunda. Mwisho wake ukawa ukumbi mkubwa wa mviringo, na ukumbini palikuwa na karamu. Kupe walikuwa wamejaa sakafuni, ukutani, darini, wenye umbo la mbegu za mnyonyo zilizoiva, kijivu, wameng'aa kwa shibe, vichwa vyao vimezama ukutani wakinywa. Hawakuwa na kelele. Walikuwa na adabu ya matajiri wa zamani. Mbele yao alikaa malkia wao, amevimba mpaka miguu haigusi chini, na alipomwona Margwe akajaribu kuinama, akashindwa, akaomba radhi. "Baba," akasema. "Jamani, baba amekuja. Mpisheni baba." Na kupe wote wakaitoa midomo ukutani kwa heshima, damu ikadondoka, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo, baba."

"Mimi si baba yenu," Margwe akasema.

"Ni unyenyekevu wako," Malkia Kupe akajibu. "Wako wafugaji wanaofuga ng'ombe: huchagua dume zuri, huhasi baya, na baada ya vizazi kadhaa wana ng'ombe wa maana. Wewe hilo unalijua, ndivyo ulivyompata Shaba. Sisi hatukuwahi kupata mfugaji wa kujitolea kama wewe. Sogea dirishani uone." Akamwonyesha tundu la mwanga mwisho wa ukumbi, na Margwe akachungulia nje. Akajiona yeye mwenyewe, mkubwa kama mlima, kasimama juu ya josho ameshika chekeche mkononi, akichekecha, akichekecha. Vilivyokuwa vikidondoka chini ni maiti za kupe wadogo, dhaifu. Waliobaki juu ya chekeche aliwainua taratibu, kwa mikono miwili, akawaweka shingoni mwa ng'ombe.

"Sisi hatukujifunza kitu," Malkia akaendelea. "Ni vizuri ujue, watu hutusifia akili tusizo nazo. Mama yangu alikuwa mjinga kama kupe yeyote. Ila alizaliwa na tumbo linalovunja sumu vizuri kidogo kuliko matumbo ya dada zake. Kwa dawa yako ya huruma, dada zake wakafa. Yeye aliugua siku moja, akapona, akajikuta na ng'ombe wote wa kijiji peke yake, bila mshindani. Akataga mayai. Katika watoto wake, wewe tena ukachagua. Na wajukuu. Ukachagua kwa uaminifu, kila wiki, hata mvua haikukuzuia."

"Na kama ningeitia kali?"

"Huenda mama yangu angekufa. Huenda tungechelewa tu, tukaja kwa njia nyingine. Sisi ni wengi na hatuna haraka. Lakini wewe hukutuchelewesha. Ulitufungulia mlango, ukatuwekea kigoda." Akatabasamu, kama kupe anaweza kutabasamu. "Wengine hufuga kwa kujua, hivyo hukosea, hupenda, husitasita. Wewe umetufuga kwa kukataa kujua. Ndiyo maana kazi yako haina dosari. Kunywa nasi, baba. Ni Shaba huyu. Ulimtunza vizuri."

Ukuta ukatetemeka. Ule mdundo wa mishipa aliokuwa akiusikia tangu aingie ukapungua, ukarukaruka, na Margwe akaelewa yuko ndani ya sikio la nani. Akageuka kukimbia. Mlangoni akakutana na Bi Dharau, ameshika kanga ya harusi, pua juu vilevile. "Umetembea, umeona mifupa, inatosha. Njoo ukae. Kupe ni kupe." Akamgeuzia mgongo ili amwongoze kuelekea kigodani, na kwa mara ya kwanza tangu mji ule ujengwe, mgongo wa Bi Dharau ukaonekana. Kuanzia kisogoni mpaka kiunoni ulikuwa umefunikwa kupe, wamepangana safu kwa safu kama shanga za vazi la harusi, wote wameshiba. Yeye alikuwa mweupe kwa kukosa damu, na ule weupe ndio watu wa mji walikuwa wakiuita uzuri. Hakuhisi kitu. Hajapata kuangalia nyuma.

"Bibi, anajua?" Margwe akamuuliza Bi Dahari.

"Ameambiwa," Bi Dahari akajibu. "Alicheka."

Shaba akaguna, mguno mzito kama jiwe linaloviringika, na Margwe akaamka.

Kofia ilikuwa imedondoka. Kivuli cha paa kilikuwa kimehama kutoka miguuni hadi kifuani kwake, na hakuna mtu aliyekiona kikihama. Akainuka, akapita upande wa pili wa ukuta, akachuchumaa kando ya Fabiola, akatia kidole katika sikio la ng'ombe. Akawapapasa kupe, wamejaa humo kama maharage kwenye ganda. Akamng'oa mmoja, akamweka kiganjani, akamtazama akitambaa. Hakuna ajabu iliyokuwepo. Alikuwa kupe, kijivu, miguu minane. Lakini huyu alikuwa ametoka joshoni juzi tu, ameogeshwa pamoja na Shaba, na sasa anatembea juu ya kiganja cha mwenyekiti bila hata kuyumba. Yale mawe na ile mifupa Margwe aliviona havina ugomvi naye tena. Kilichofanya kazi kwa miaka mingi isiyo na idadi kule korongoni kilikuwa kimefanya kazi hapa zizini kwake, kwa mkono wake, naye akakiita huruma.

"Gari limeondoka?" akauliza.

"Nilisikia wanapakia," Fabiola akasema. Akamtazama mumewe usoni. "Baba Amsi, huyu hatapona."

"Najua. Siendi kwa ajili yake."

Akaondoka pekupeku, maana viatu hakukumbuka. Joshoni wanaume walikuwa bado wamekaa kivulini wakimalizia kicheko cha asubuhi, kwa kuwa mtu mvivu hata kicheko hukila kwa awamu. Emiliana alikuwa anafunga kamba mapipa yake garini. Margwe akapita katikati ya wanaume, akasimama mbele yake, akiwapa wale wengine mgongo.

"Daktari," akasema, "shusha dawa. Josho litachotwa leo."

"Mzee, mkutano ulikataa."

"Uliokataa ulikuwa mdomo wangu. Kipimo utachanganya wewe, mimi nisikaribie ndoo ya maji. Kupe wa hapa ni wagumu, nami ndiye niliyewachagua."

Kule kivulini Bura akasema kwa sauti ya kusikika, "Hebu sikilizeni. Mwenyekiti asubuhi alisema kupe habadiliki, na hata jua halijatua amegeuka. Na maziwa yakikauka je?"

"Yatapungua kidogo. Ng'ombe aliyekufa hukauka yote."

"Kwa hiyo kupe amebadilika tangu asubuhi?"

"Amebadilika zamani, Bura. Njoo nikuonyeshe kwenye masikio ya ng'ombe wako."

"Masikio ya ng'ombe wangu yaache." Bura akawageukia wenzake, akaona wanacheka, akapata nguvu. "Jamani, tumechagua kigeugeu. Kigeugeu wewe."

"Naam," Margwe akaitika, akakunja suruali, akachukua ndoo, akashuka birikani.